Kompyuta Si Padri

Nyie vijana mnaojiona mmezaliwa na simu mkononi, kaeni hapo niwaambie. Mi nimestaafu. Macho yamechoka na vioo, mgongo umechoka na viti vya ofisi, lakini ulimi bado mzima, na kwa upumbavu wa maneno ya siri nina akiba ya dharau ambayo sijaimaliza.

Hapa Muyinga, Burundi, mtaa wa Waswahili, wananiita Mama Zuhura. Wengine wananiita Madamu Modepasi, yaani Bibi Neno la Siri kwa Kifaransa chetu cha mtaani, maana maisha yangu yote ya kazi yalikuwa hayo: kufungua akaunti ambazo watu wamejifungia wenyewe, na kufukuza wezi kwenye akaunti ambazo wenyewe waliziacha wazi kama choo cha sokoni. Nilianza Gitega, ofisi ya shule moja ya wakunga. Baadaye nikarudi nyumbani Muyinga, nikafungua sekretariya karibu na soko: kupiga chapa, kutoa kopi, kufungulia watu barua pepe, kuwajazia maombi ya shule na ya kazi. Kiswahili changu msikishangae. Marehemu baba alikuwa mchuuzi wa vitambaa, akanipeleka kwa shangazi yangu Ngara, Tanzania, nikasoma huko.

Nianze na mkurugenzi wetu wa Gitega, mtu wa tai na viatu vinavyolia. Mkewe alijifungua mapacha. Bwana mkubwa akaja ofisini anang'aa, akabadilisha neno lake la siri, akaniinamia sikioni: "Madamu, sasa hata shetani haingii. Nimeweka jina la pacha wangu wa kwanza."

Yoo! Nchi hii nzima, kutoka Kobero mpaka Rumonge, pacha wa kwanza anaitwa Bukuru na wa pili anaitwa Butoyi. Mbuzi wanajua. Mi nikajikaza nisicheke, nikamwuliza: "Na la barua pepe, shefu?"

"Hilo ni gumu zaidi," akasema. "Hilo nimeweka la pacha wa pili."

Alipopata mtoto mwingine akabadilisha tena, na safari hii akakataa kuniambia hata nusu. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Ciza. Mtu ana diploma ukutani kwa fremu ya dhahabu, na siri zake zote zimepangwa kwa mpango wa kuzaliwa!

Msimcheke sana, nyie si afadhali. Kuna kijana wa teksi ya baiskeli alikuja kwangu analia amesahau neno la siri la ukurasa wake wa mtandaoni. Baiskeli yake ilikuwa na kipande cha mpira nyuma ya gurudumu, kimepakwa rangi nyekundu: MUNGU HASAHAU. Nikamwambia, toka nje, zunguka nyuma ya baiskeli yako, soma, kisha rudi uandike. Akarudi ananitazama kana kwamba mi ni mganga. Uganga gani! Mtu ametembeza neno lake la siri Muyinga nzima, kupanda na kushuka, mvua na jua, na bado kalisahau yeye peke yake.

Aliyenifundisha kazi hii anaitwa Mzee Barnabe, mkuu wangu pale Gitega, mtu mrefu mkavu ambaye hakuwahi kucheka kabla ya saa sita mchana. Zamani zile watu walibandika neno la siri kwenye kioo cha kompyuta kwa gundi. Barnabe akaamuru kila mmoja abadilishe kila mwezi. Wakafanya nini? Wakaandika Januari. Ulipofika Februari, wakaandika Februari. Basi siku moja akakasirika, akajifungia chumbani kwake, akawapigia simu wote mmoja mmoja, anaigiza sauti nzito ya mtu wa wizarani: "Nipe neno lako la siri haraka, hapa iko udharura." Wote wakatoa. Mhasibu alimtajia herufi moja moja asije akakosea. Karani wa wanafunzi akamwuliza kama anataka na la mumewe.

Jioni akatukusanya. Hakugomba. Alisema tu: "Mtu akikuuliza mlango wako unafungwa vipi, usimjibu. Mwulize wewe: unataka kuingia kufanya nini?" Maneno hayo niliyabeba mpaka Muyinga, nikawaimbia wateja mpaka wakanichoka.

Siku hizi mambo yamebadilika, upumbavu umebaki pale pale. Zamani tuliambiwa neno fupi lenye alama za ajabu ajabu. Sasa tumejua kuwa refu ni bora: maneno manne matano yasiyohusiana, ambayo hayamo kwenye wimbo wala kwenye sala, na kila akaunti na lake. Yakiwa mengi, iko programu ya kuyatunza, unakumbuka moja tu la kuifungulia. Na iko kufuli ya pili, ile namba inayotumwa kwenye simu yako. Namba hiyo ni ya kuandika, si ya kumsomea mtu aliyepiga simu. Lakini nyie mtu akiwaambia mmeshinda zawadi, mnasoma namba mpaka mate yanakauka. Mbaya zaidi, mnapeana maneno ya siri kwa ajili ya mapenzi! "Chéri, kama unanipenda nipe la simu yako." Lo! Wazee wenu walipeana mbuzi na vitenge. Nyie mnapeana funguo, halafu mkiachana mnakuja kwangu na makamasi.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Nataka kuwaambia habari ya Devota.

Devota alikuwa binti wa Itaba, kule Gitega, wazazi wake wakulima waliorudi kutoka Tanzania. Alizaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi huko ng'ambo, akilelewa na bibi yake, ambaye ndiye alikuwa mkunga wa kambi. Bibi alifariki kabla hawajarudi. Devota akaja Muyinga kushona, cherehani yake ikawa kwenye kibaraza cha jirani yangu, na kila mteja akimwuliza anataka nini duniani, jibu lilikuwa moja: nataka kuwa mkunga kama bibi. Nilimsaidia kujaza maombi ya ile shule niliyofanyia kazi Gitega. Maombi siku hizi hayaendi kwa bahasha. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya shule, unaweka neno la siri, halafu inakuletea maswali matatu. Ukisahau neno la siri, unajibu yale maswali na mlango unafunguka.

Maswali yale niliyachukia tangu siku ya kwanza, tena nilimgombeza Barnabe kwa kuyakubali. Shule yako ya kwanza ni ipi? Wazazi wako walikutana wapi? Nyumbani ulikuwa unaitwaje utotoni? Huko yalikotungwa labda jirani hamjui jirani. Hapa kwetu hata anayekuuzia chumvi anayo majibu yote matatu! Ukiwauliza waliorudi kutoka kambi moja walisoma shule gani, wote watataja ile ile, maana kulikuwa na hiyo tu.

Kwa hiyo wateja wangu niliwafundisha kudanganya. Shule yako ya kwanza? Andika Birika Bluu. Wazazi walikutana wapi? Andika Kiazi Kitamu. Mashine haitaki ukweli, inataka neno lile lile uliloliweka. Kompyuta si padri, usiungame kwake.

Devota akaweka mikono mapajani. "Mama Zuhura, uongo ni dhambi."

"Unadanganya mashine, binti. Mashine haina roho."

"Roho ni yangu mi."

Nikamwambia basi ungama, mwana wa kanisa, ungama yote. Akaandika ukweli mtupu, shule, mahali, na jina la utoto, tena kwa mwandiko wa heshima, herufi kubwa mwanzoni.

Akachaguliwa. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka muuza nyama akaja kuuliza kuna arusi ya nani. Na kweli arusi ilikuwa njiani. Devota alikuwa amechumbiwa na Reverien, kijana wa hapa Muyinga, wakala wa forodha pale Kobero, mwenye koti la kampuni na manukato yanayofika kabla yake. Familia ya Reverien ikapeleka ng'ombe wa mahari Itaba. Nilialikwa, nikaenda, nikala vizuri. Msemaji wa upande wa binti alikuwa baba yake mdogo. Mnajua sherehe zetu: msemaji asiposema sana ataonekana hana maneno. Akashika kipaza sauti, akamsifu binti kuanzia tumboni.

Siku chache baadaye Devota akaja nimtolee kopi ya barua ya kukubaliwa. Akaandika neno la siri, likakataa. Akaandika tena, likakataa. Tukajibu yale maswali, mlango ukafunguka, na kwenye kioo yakatokea maneno ambayo sitayasahau: *Umejiondoa kwenye nafasi yako kwa hiari.*

Devota hakulia. Aliyasoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Hiari ya nani?"

Nikampigia Barnabe Gitega. Alikuwa bado yuko kazini, mkavu vile vile. Akaangalia, akarudi kwenye simu: "Aliyeingia alijibu maswali matatu, hakukosea hata moja. Akabadilisha neno la siri, akabonyeza kitufe cha kujiondoa. Ijumaa jioni nafasi inapewa anayesubiri. Kama si yeye aliyejiondoa, aje mwenyewe na kitambulisho kabla ya hapo." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mi hapo hapo nikajua mkosaji ni nani, au nilidhani najua. "Ni baba yako mdogo na kile kipaza sauti chake! Ametangaza majibu yako kwa kata nzima. Mwizi yeyote aliyekunywa pombe ya ndizi pale anayo!" Mpiga video wa sherehe alikuwa mteja wangu, filamu yote ilikuwa kwenye kompyuta yangu ikisubiri kunakiliwa. Nikaifungua ili nimwonyeshe Devota ubaya wa kusema kweli.

Tukamwona baba mdogo ananyanyuka, anakohoa, anapokea kipaza sauti. "Binti yetu huyu," akasema, "baba yake na mama yake walionana mara ya kwanza kwenye foleni ya maji, kambini kule, kila mmoja na ndoo yake!" Watu wakapiga makofi. Nikasimamisha filamu. "Jibu la kwanza hilo. Hongera, baba mdogo."

Nikaendelea. Akataja shule, akamtaja na mwalimu aliyemsifu kwa hesabu. "Jibu la pili hilo! Amana iko wazi, karibuni wezi!" Nilikuwa nafurahia hasira yangu, msinione hivi.

Tukangoja la tatu. Akasifu kushona kwake. Akasifu kuimba kwake kanisani. Akamsifu ng'ombe. Akamsifu aliyemleta ng'ombe. Akashukuru, akaketi. Msemaji wa upande wa pili akajibu naye mpaka ukoo mzima wa Reverien ukaisha, wote wakainama kwenye mitungi na mirija yao, filamu ikakatika. Jina la utoto halikutajwa.

Nikasema labda ametaja kabla ya kamera kuwashwa. Devota akatikisa kichwa.

"Hawezi kutaja, hajui. Hata baba hajui. Bibi alikuwa ananiita hivyo tukiwa wawili tu, usiku nikiogopa. Ni jina la kubembelezea. Tangu amekufa sijamwambia mtu."

Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya kitenge, vinakunjua, vinakunja.

"Mtu mmoja tu," akasema. "Siku aliyonichumbia. Nilimwambia nikilia."

Jina lenyewe mi nalijua, lakini siwatajii. Limeshatembea vya kutosha.

Reverien alikuja kesho yake mchana kutoka Kobero baada ya Devota kumpigia. Aliingia na manukato yake, ananiamkia vizuri, "Mama, shikamoo." Devota hakumzungusha. Akamwuliza, "Ni wewe uliyeniondoa shuleni?"

Mngetegemea akatae. Hakukataa! Alicheka, akavuta kiti, akakaa.

"Chérie, usikasirike. Mi nilikuwa nakusaidia. Unakwenda Gitega miaka yote hiyo, mi nabaki na nani? Mke wangu iko na nyumba yake. Na mama hana nguvu, anataka mtu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungelia. Sasa imeisha, deja, imeshapita. Kati ya mtu na mke wake hakuna siri."

"Mimi si mke wako bado. Na siri ilikuwa yangu na bibi. Nilikupa jina lake ulishike, Reverien, ukalifanya ufunguo wa kunifungia nje."

Akanigeukia mi, eti nimsaidie. "Mama, mwambie. Wewe mtu mzima."

Nikamwambia: "Kijana, nimefanya kazi na wezi wa akaunti tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Wengi waliiba kwa njaa, wengine kwa utundu. Wewe umeiba ukiwa umeshiba, tena kwa aliyekupa mwenyewe. Toka, nifanye usafi."

Alitoka anasema ng'ombe wake yuko Itaba na kwamba tutajuana mbele ya safari. Mi nilichukua ufagio nikafagia pale alipokaa. Devota ndiye aliyezima kompyuta.

Ijumaa asubuhi na mapema tulikuwa ndani ya gari la abiria kuelekea Gitega. Devota alishika kitambulisho mkononi njia nzima, nikimwambia kiweke mfukoni hasikii. Barnabe alitupokea bila tabasamu, maana saa sita ilikuwa bado. Akakaa mbele ya kioo, akasema utaratibu ni utaratibu, lazima aulize. "Nyumbani ulikuwa unaitwaje utotoni?"

"Jibu hilo lina watu wawili sasa, babu," Devota akasema. "Niulize lingine."

Barnabe akamtazama. Akachukua kitambulisho, akalinganisha picha, akamtilisha sahihi akailinganisha na ya kwenye maombi, akamwuliza cheti chake kilitolewa na nani. Kisha akafuta kule kujiondoa, akamgeuzia kibao cha herufi. "Neno la siri jipya. Na majibu mapya."

Devota akaketi. Akafikiri. Akanigeukia.

"Mama Zuhura, Mungu atanisamehe?"

"Mungu hakujisajili kwenye tovuti hii."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Basi geuka huko."

Mi? Mi Madamu Modepasi, niliyemleta mpaka hapo, nigeuke? Niligeuka nikatazama ukuta, na nyuma yangu nikasikia herufi zinabonyezwa, nyingi, taratibu. Barnabe naye alikuwa ameshageuka bila kuambiwa.

Bado kulikuwa na baba yake. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko shule. Tukapitia Itaba. Mzee Gaspari alikuwa anapalilia maharage, na yule ng'ombe wa mahari amefungwa pembeni, mnene, mzuri, wivu wa majirani wote. Devota akamweleza wima, hakukaa. Mzee akasikiliza ameegemea jembe. Nilijua anachopima. Ukoo mzima ulikuwa umekula na kunywa, hotuba zimetolewa, na mtu wa kijijini akirudisha ng'ombe anasemwa mpaka kaburini. Aliuliza swali moja tu.

"Alitumia jina la mama yangu?"

"Lile alilokuwa ananiita yeye, baba."

Mzee akafuta udongo mikononi. "Pombe iliyonywewa hairudi mtungini," akasema. "Lakini ng'ombe ana miguu."

Na akarudi, jamani! Jumatatu yake ng'ombe alipakiwa kwenye lori, akashushwa Muyinga mbele ya mtaa mzima, anacheua kwa raha zake. Nilitoka nje ya sekretariya kumwangalia akipita. Sijawahi kumheshimu ng'ombe kama yule.

Waliosema walisema. Walisema Devota ana kiburi cha kambini, wakasema mi ndiye niliyemharibu kwa kompyuta. Wengine walikuja kusema hivyo kwangu kwangu, wakiwa wamekuja kunibembeleza niwafungulie akaunti zao zenye jina la mtoto wa kwanza. Niliwafungulia, nikawacheka usoni.

Juzi juzi binti yangu Zuhura alishikwa na uchungu, tukampeleka hospitali hapa hapa Muyinga. Uchungu ulikuwa mrefu, na mi niliyezoea kugombeza watu nilikuwa nimekaa kwenye benchi naomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Mkunga wa zamu akatoka, mikono imelowa, nywele zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Akaniwekea mapajani mjukuu wa kike, akiwa amefungwa vizuri kama andazi ndani ya kitambaa.

"Mzima, Mama Zuhura. Na mama yake mzima."

Nililia, kwa nini nifiche. Nililia mpaka Devota akaniazima ncha ya koti lake. Nilipotulia, lile dudu langu la udadisi likaniamka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimevumilia. Nikamvuta mkono, nikamnong'oneza kwamba sasa mi ni mzee, nimestaafu, sina kompyuta hata ya kuchezea, na hapa nilipo nina mjukuu aliyempokea yeye. Aniambie tu. Siku ile Gitega, lile swali la jina la utoto alilijibu uongo gani? Aliandika nini?

Devota akaniinamia, akamtengeneza mtoto kichwa, akanitazama kwa yale macho yake ya kanisani.

"Mama Zuhura," akasema, "unataka kuingia kufanya nini?"